UZI: Karpacz, mji mdogo wa milimani Poland ambako hata kanisa ni mhamiaji

Mgumu_wa_Pili (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kuna mtu aliuliza humu Poland kuna nini cha kutazama zaidi ya baridi na makaburi ya vita. Watu wakamjibu "Kraków", wakatawanyika. Nikajiapiza nikipata siku ya kutulia nitaandika. Leo ghalani sina zamu, mvua inapiga hapa Wrocław tangu alfajiri, na chai ya tangawizi iko mezani. Twende.

Mji wenyewe unaitwa Karpacz. Tamka "Karpach". Uko kusini-magharibi mwa Poland, jimbo la Dolny Śląsk, chini ya safu ya milima ya Karkonosze. Ukivuka mgongo wa safu hiyo uko Ucheki. Wakazi hawafiki elfu tano, ila msimu ukichanganya huwezi kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Kwa umbo ni mji wa barabara moja: inaanza bondeni, inapanda ikijipindapinda kilomita kadhaa, na nyumba zimedandia pembeni kama kuku waliolala mtini. Ukikodi chumba, uliza kwanza kiko Karpacz ya chini au ya juu. Mimi sikuuliza. Nilipandisha begi kwa mguu usiku, nikafika nimelowa jasho kwenye nyuzi joto mbili.

Kilele cha hapo kinaitwa Śnieżka, mita 1,603. Ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Sudety, na kwa Wacheki ndio mlima mrefu kuliko yote nchini mwao.

Sasa nijitambulishe ili mnielewe. Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Baba yangu mdogo ni mgumu wa Kilimanjaro, kabeba mizigo ya Wazungu kichwani zaidi ya miaka ishirini. Geti la Marangu, pale watalii wanapojiandikisha kabla hata ya kuanza kupanda, liko zaidi ya mita 1,800. Kwa hiyo niliposikia "mlima mrefu" ni mita 1,603, nilicheka mbele za watu.

Mlima ulinijibu. Nitafika huko.

Kijana_wa_Umoja

Bana, 1,603? Nairobi yenyewe iko karibu 1,800. Yaani mimi nikitoka nyumbani kununua maziwa niko juu ya kilele chao 😂 Endelea lakini, niko hapa.

Mama_Kichwabuta

Nimetandika mkeka. Mleta uzi usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu unamkuta kwenye uzi wa mpira.

Mgumu_wa_Pili

Siwaachi.

Jambo ambalo ningependa mlishike ni hili: nilikaa Karpacz siku tatu, na kila nilichouliza asili yake nikaambiwa kimetoka kwingine. Watu wametoka kwingine, kanisa limetoka kwingine, jina la mji lenyewe ni jipya, hadi jibini wanayochoma barabarani.

Tuanze na watu. Zamani za kale milima hii ilivuta wachimbaji waliokuwa wakisaka madini na vito. Kisha likaja balaa la dini. Mwaka 1620 Waprotestanti wa Bohemia, yaani Ucheki ya leo, walipigwa vita karibu na Praha, na waliokataa kurudi Ukatoliki wakaanza kukimbia. Baadhi walivuka milima, wakajenga vibanda upande huu. Kuna kijiji chao kimoja msituni, Budniki, kwenye bonde lililozama kiasi kwamba wakati wa baridi jua lilikuwa halionekani kwa zaidi ya siku mia moja. Hebu fikiria mtu anaogopa kiasi gani mpaka akubali kuishi shimoni miezi mitatu bila jua. Leo Budniki hakuna nyumba, ni miti na misingi ya mawe.

Halafu wakaja wapishi wa dawa. Hadithi ya mjini inasema vijana wawili waliokuwa wakisomea utabibu Praha walikimbia baada ya kupigana kwa panga, wakajificha huku, na kuwafundisha wenyeji kuchemsha mitishamba. Kweli au si kweli, karne ya 18 mji huu ulikuwa umejaa watu walioitwa Laboranci. Walichuma mizizi na majani mlimani, wakatengeneza mafuta, matone na unga, wakavipeleka kwenye minada mbali kabisa. Walikuwa na chama chao na siri zao. Serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala hapa enzi hizo, pamoja na madaktari waliosomea vyuoni hawakuwapenda: wakapunguziwa orodha ya dawa walizoruhusiwa kuuza, kisha wakakatazwa kufundisha wanagenzi. Wa mwisho wao alifariki mwaka 1884. Kuna nyumba ndogo ya kumbukumbu yao mjini, na bustani ya mitishamba nje. Niliinama kunusa mmea mmoja nikakumbuka kabisa chumba cha bibi yangu.

Tabibu_wa_Mtaa

Hapo kwenye kukatazwa kufundisha vijana umenigusa. Hawakufungiwa duka, walikatiwa mizizi tu. Ukizuia mwanafunzi, mwalimu akifa shughuli imekwisha yenyewe.

Mgumu_wa_Pili

Ndivyo ilivyokuwa mkuu.

Wakati huo mji uko chini ya Wajerumani na unaitwa Krummhübel, ambalo ni kama kusema "kilima kilichopinda". Watalii walianza mapema mno. Goethe, yule mwandishi maarufu wa Kijerumani, alipanda Śnieżka mwaka 1790. John Quincy Adams, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, akapanda mwaka 1800 wakati ni balozi Berlin. Matajiri hawakutembea kwa miguu: walibebwa juu kwenye viti na wapagazi wa kijijini, na wakati wa theluji walishushwa kwa sleji zenye pembe mbili ndefu mbele, mwenyeji kashika pembe na kuongoza kwa visigino. Nilipoona sleji hizo kwenye jumba la makumbusho ya michezo na utalii nilimpigia picha baba mdogo. Akajibu kwa sauti: "Kumbe na huko kuna wagumu!" Ndipo jina langu la humu lilipotoka.

Mwaka 1895 reli ikafika, na mji ukafurika nyumba za kulala wageni. Miaka miwili baadaye, Julai 1897, mvua kubwa ikashusha mafuriko ya kutisha katika mabonde haya yote. Ndiyo maana ukitembea kando ya mto Łomnica utakutana na bwawa la mawe, limejengwa kati ya 1910 na 1915 kuzuia maji yasirudie. Wenyeji wanapiga picha za harusi hapo.

Sasa kanisa. Hapa ndipo penye utamu, kaeni vizuri.

Karpacz ya juu kuna kanisa la mbao la rangi ya kahawia iliyokolea, paa juu ya paa, na kwenye ncha za paa vichwa vya majoka vimetoa ulimi. Ukiliona mara ya kwanza unajua halikuzaliwa hapa. Linaitwa Wang. Lilijengwa Norwei, kijiji cha Vang, kwenye mpito wa karne ya 12 na 13, wakati Ukristo ulikuwa umeingia lakini mafundi bado mikono yao inakumbuka kuchonga mambo ya Waviking. Likakaa huko zaidi ya miaka mia sita. Kufikia miaka ya 1830 limekuwa dogo, limechoka, na waumini wanataka jipya, kwa hiyo wanaliuza wapate fedha ya ujenzi.

Mchoraji wa Kinorwei, Johan Christian Dahl, aliyekuwa akifundisha Dresden, ndiye aliyehangaika lisiwe kuni. Akamshawishi mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Nne, alinunue. Mwaka 1841 likanunuliwa, likavunjwa kipande kwa kipande, likapakiwa merikebuni hadi Szczecin, kisha Berlin. Mfalme alitaka kukipamba nalo kisiwa chake huko Berlin, halafu akabadili mawazo. Mbao zikabaki zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Akatokea mama mmoja, Friederike von Reden, mjane wa kabaila mmoja, aliyeishi Bukowiec karibu na Karpacz. Akamwambia mfalme: Waprotestanti wa milimani kule juu hawana kanisa, wape hilo. Mfalme akakubali. Mbao zikapandishwa mto Odra kwa mashua, zikashushwa Malczyce, zikamaliziwa safari kwa mikokoteni. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 1842, na Julai 1844 likafunguliwa, mfalme mwenyewe akiwepo.

Nitakuwa mkweli: mbao nyingi zilikuwa zimeoza au zilipotea, kwa hiyo sehemu kubwa unayoiona ni kazi ya mafundi wa karne ya 19. Lakini miimo ya milango na baadhi ya nguzo ni zile zile za Norwei. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Kuna nyoka wamesukwa mmoja ndani ya mwingine kama mkeka, ukifuata mkia wa mmoja kwa kidole cha hewani unapotea katikati. Pembeni umejengwa mnara wa mawe, na kazi yake si kengele peke yake, unalikinga kanisa na upepo unaoshuka kutoka Śnieżka. Ndani kunanuka utomvu na mshumaa. Na bado ni kanisa hai la Kilutheri, Jumapili kuna ibada. Mimi Mlutheri wa Marangu nilikaa benchi la nyuma na kuimba kwa Kiswahili kimoyomoyo, maana tuni niliijua.

Wanasema lilijengwa bila msumari hata mmoja.

Fundi_Seremala_Mbezi

Bila msumari? Mkuu hiyo chai. Mimi napiga kazi ya mbao miaka 14, kanisa zima lisimame kwa mate?

Mwana_wa_Lamu

Fundi, taratibu. Huku kwetu mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, na ukavuka bahari na shehena. Mbao zikichongwa kinywa kwa kinywa na kupigwa vigingi vya mti, msumari wa nini? Msumari hula kutu, kigingi hunywa maji kikafura kikashika zaidi. Wazee wa huko Norwei nao walikuwa wajenzi wa vyombo vya bahari, sasa hilo kanisa walilijenga kama chombo.

Mgumu_wa_Pili

Mwana wa Lamu umenisaidia, maana nilikuwa sina jibu. Na kweli ukiinua macho ndani ya Wang, dari ni kama uko chini ya jahazi lililopinduliwa. Fundi, ni ndimi na vigingi, ubao umeingia ndani ya ubao.

Fundi_Seremala_Mbezi

Nimenyoosha mikono. Ila leteni picha za viungo, si za majoka.

Binti_Tukuyu

Umesema mji ulikuwa wa Wajerumani. Hao wako wapi sasa? Na Wapolandi wametoka wapi?

Mgumu_wa_Pili

Swali zuri dada, na ndilo watalii wengi wanalipita.

Kwanza vita. Berlin ilipokuwa inapigwa mabomu, wizara ya mambo ya nje ya Wanazi ilihamishia ofisi zake nyingine hapa milimani. Aprili 1944, katika mji huu huu wa hewa safi, maofisa wao walikutana siku mbili kupanga propaganda dhidi ya Wayahudi katika nchi mbalimbali. Katika matembezi yangu yote sikukutana na kibao kinacholitaja hilo.

1945 vita ikaisha, mipaka ikasogezwa. Poland ilipoteza ardhi yake ya mashariki kwa Wasovieti, ikapewa hii ya magharibi iliyokuwa ya Ujerumani. Wajerumani wa Krummhübel wakafukuzwa na mabegi yao, na wakaletwa au wakaja Wapolandi, wengi wao waliopoteza makwao mashariki. Watu walikuta nyumba zina vyombo mezani. Jina la mji lilihangaikiwa kidogo kabla ya kutulia kwenye Karpacz. Ile sehemu ya juu yenye kanisa ikaitwa Bierutowice kwa heshima ya Bierut, mkubwa wa chama cha kikomunisti. Alipopitwa na wakati, na jina likaondoka. Hadhi ya mji kamili ilipatikana mwaka 1960.

Kijiji cha jirani, Mysłakowice, ukipita na basi utaona nyumba zenye varanda za mbao kama za Austria. Na hao walikuwa wakimbizi: mwaka 1837 zaidi ya Waprotestanti 400 wa bonde la Zillertal huko Tirol walifukuzwa kwa dini yao, mfalme wa Prussia akawapa ardhi hapo. Baada ya 1945 wajukuu wao wakahamishwa tena, safari hii kwa kuwa Wajerumani.

Mzee_wa_Usa_River

Kijana, umenisogeza karibu na kiti. Mimi naishi jirani na Tengeru. Hapa wakati wa vita ile palikuwa na kambi ya Wapolandi, karibu watu elfu tano, akina mama na watoto wengi. Makaburi yao yapo mpaka leo, yametunzwa, misalaba mistari mistari chini ya miti. Tukiwa wadogo tuliambiwa "hao walitoka barafuni". Je, ndio hao hao?

Mgumu_wa_Pili

Shikamoo mzee.

Ni wa sehemu ile ile, njia tu ndiyo ilitofautiana. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwakamata Wapolandi wengi wa mashariki na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Ndiyo "barafuni" mliyoambiwa. Baadaye walipoachiwa, mwaka 1942 wengine walitoka kupitia Uajemi, na Waingereza wakawatawanya: Tengeru, Kidugala, Ifunda, na Uganda kule Masindi na Koja. Waliobaki nyumbani mashariki ndio vita ilipoisha wakapakiwa treni kuletwa huku magharibi, kwenye nyumba za Wajerumani. Inawezekana kabisa ndugu wawili wa kijiji kimoja, mmoja akaishia chini ya Mlima Meru na mwingine chini ya Śnieżka.

Mama mwenye nyumba niliyolala, umri kama miaka sabini, nilimwambia natokea karibu na Arusha. Akasema neno moja: "Tengeru." Nikashangaa kuliko alivyoshangaa yeye. Akanikatia kipande cha pili cha keki ya tufaha bila kuuliza.

Mzee_wa_Usa_River

Marahaba mwanangu. Nitarudi.

Mama_Kichwabuta

Nimepata kigugumizi cha macho. Haya tupeleke mlimani sasa, uliahidi mlima ulikujibu.

Mgumu_wa_Pili

Ulinijibu vizuri sana mama.

Ilikuwa mwisho wa Machi. Mjini maua ya kwanza yametoka, watu wanakula aiskrimu. Nikavaa raba, suruali ya jeans, na jaketi la kazini. Mtoto wa Kilimanjaro, mita 1,603, ya nini makuu? Nikapanda lifti ya viti hadi Kopa, karibu mita 1,380. Kiti chenyewe kimefunguka pande zote, miguu inaning'inia juu ya miti. Dakika tano za kwanza niliimba. Za mwisho nilikuwa nauma kola.

Kutoka Kopa ni kama nusu saa tambarare hadi nyumba ya wapanda mlima iitwayo Dom Śląski, hapo unakunywa supu. Mbele yako sasa Śnieżka inasimama kama pia iliyopinduliwa, mawe matupu, na njia mbili: ndefu inayozunguka, na fupi inayopanda zigizaga na minyororo pembeni. Mvivu nikachagua fupi.

Wakuu, ile njia ilikuwa kioo. Theluji ya miezi minne imekanyagwa na maelfu ya watu, ikayeyuka mchana, ikaganda usiku, mpaka mawe yamevaa barafu ya kijani. Wapolandi wote, hadi watoto, wamefunga viatuni vyuma vyenye meno wanavyoviita raczki. Mimi na raba zangu tunashikilia mnyororo kama mlevi na nguzo. Upepo ule usiombe. Unakuja kwa mafungu: unanyamaza, unajiachia, halafu unakusukuma kwa bega kama konda. Juu kule wastani wa joto la mwaka mzima uko karibu na nyuzi sifuri, na ukungu ndio hali ya kawaida.

Robo ya njia ikabaki. Mguu ukaniponyoka, nikakaa, nikateleza kama mita nne mpaka nguzo ya mnyororo iliponipokea mbavuni. Nikakaa pale nikimfikiria baba mdogo. Bibi mmoja aliyekuwa anashuka, nywele nyeupe, fimbo mbili, alinitazama viatu, akatikisa kichwa, akafungua begi, akanitupia jozi ya raczki za akiba. Akaonyesha kwa kidole: juu, kisha chini, kisha Dom Śląski. Maana yake ukimaliza niachie pale. Na ndivyo nilivyofanya.

Kileleni kuna kanisa dogo la duara la Mtakatifu Laurenti, lilijengwa kati ya 1665 na 1681 kwa gharama ya ukoo wa Schaffgotsch waliokuwa mabwana wa milima hii. Kila tarehe 10 Agosti watu wa milimani hukusanyika hapo kwa misa. Pembeni yake kuna kituo cha hali ya hewa cha mwaka 1974 chenye umbo la sahani tatu kubwa zilizopangana. Mwaka 2009 sahani ya juu ilivunjika kwa uzito wa barafu na upepo, ikatengenezwa. Hatua chache mbele ni Ucheki, wana posta yao hapo hapo kileleni. Na kwa upande wao kuna lifti mpaka juu kabisa. Mimi nimefika nimechubuka mbavu, namkuta dada wa Kicheki na mkoba wa begani anajipiga picha.

Kijana_wa_Umoja

Nimecheka hadi jirani amegonga ukuta 😂 Nairobi tumekuwakilisha vibaya, pole.

Chausiku_K

Tukicheka cheka, lakini mlima huo umewahi kuua?

Mgumu_wa_Pili

Umeua dada. Chini ya Kopa kuna korongo liitwalo Biały Jar. Tarehe 20 Machi 1968 theluji ilijikata juu na kuporomoka korongoni, ikawakuta watu 24 njiani. Watano walitupwa pembeni wakapona. Kumi na tisa walikufa: Warusi 13, Wajerumani wa Mashariki 4, Wapolandi 2. Wengi walikuwa watalii wa matembezi ya kawaida. Hadi leo hakuna maporomoko ya theluji yaliyoua watu wengi kiasi hicho katika milima ya Poland. Hivyo wakati wa baridi hifadhi ya taifa ya Karkonosze hufunga baadhi ya njia, na mtu akikuambia njia imefungwa usilete ujuaji. Namba ya waokoaji wa milimani, GOPR, ni 985. Iweke kwenye simu kabla hujapanda lifti.

Fundi_Seremala_Mbezi

Na ile barabara ambayo gari linapanda lenyewe? Niliona kwenye video, ni Karpacz hiyo hiyo?

Mgumu_wa_Pili

Ndiyo, mtaa wa Strażacka. Nililaza chupa ya maji barabarani, mahali macho yangu yanaapa kwamba ni mpando. Ikasita, ikaanza kubingirika kuelekea "juu". Nikarudia mara sita. Mtoto mmoja akaja na mpira wake tukafanya mashindano. Wenyeji watakupa hadithi za nguvu za uvutano kupungua, lakini ni macho yanadanganywa na mteremko wa mazingira: miti na kingo za barabara zimekaa upande upande, hivyo ubongo unakosa mstari wa kupimia. Ukijua hivyo bado unashangaa.

Mengine kwa haraka. Makumbusho ya midoli yako kwenye jengo la zamani la stesheni ya treni, ni mkusanyiko wa Henryk Tomaszewski, aliyeanzisha ukumbi wa maigizo ya kimya Wrocław. Kazikwa kwenye makaburi ya kanisa la Wang, na hapo hapo yupo mshairi Tadeusz Różewicz, aliyefariki 2014. Sanamu za babu mwenye ndevu utakazoziona kila kona ni Liczyrzepa, jini la mlima. Jina la Kijerumani maana yake "mhesabu turnipu": alimteka binti mfalme, binti akamwambia nihesabie turnipu zote shambani, lile jini likazama kwenye hesabu na bibi harusi akatoroka. Jibini ya kuchoma wanayokuuzia na jamu ya beri nyekundu, oscypek, ni ya wafugaji wa milima ya Tatra, mbali kabisa na hapo. Nayo mhamiaji, ila tamu.

Ukiwa na nguvu nenda Samotnia, nyumba ya wapanda mlima kando ya ziwa dogo Mały Staw, mita 1,195, kuta za mwamba nyuma yake. Kwangu mimi ni pazuri kuliko kilele. Na kwenye njia ya mpakani, mwaka 1978, Václav Havel, mwandishi aliyekuja kuwa rais, na wapinzani wenzake wa serikali ya kikomunisti ya Chekoslovakia walikutana kwa siri na wa Poland, akina Adam Michnik na Jacek Kuroń, wakijifanya watalii. Mji ambao mabegi ya mgongoni ni kawaida una faida zake.

Chausiku_K

Usafiri na makaratasi?

Mgumu_wa_Pili

Kutoka Wrocław treni hadi Jelenia Góra, halafu basi. Viza ya Schengen inatosha, ila ukienda kileleni beba pasipoti au kadi ya ukaazi maana unakanyaga nchi mbili. Epuka mwanzo wa Septemba, kuna mkutano mkubwa wa uchumi tangu 2020, vyumba havishikiki. Macho watakutolea, hasa wazee, lakini mimi nilichokutana nacho ni udadisi tu. Mtoto mmoja aliniuliza kama kwetu kuna theluji. Nikamwonyesha picha ya Kibo kutoka uwanja wa nyumbani. Akaenda kumwita baba yake.

Mzee_wa_Usa_River

Nimerudi. Nimepita makaburini jioni hii, mlinzi ananifahamu. Majiwe mengi yana tarehe za kuzaliwa na za kufa, na chini maneno ya Kipolandi ambayo miaka yote nimeyatazama bila kujua yanasema nini. Kuna moja la mtoto, alikufa 1943. Nimepiga picha, mjukuu atanisaidia kuituma.

Mgumu_wa_Pili

Itume mzee, hata saa hizi. Kipolandi changu ni cha ghalani lakini nitasoma, na nitakaposhindwa nitampigia mama wa Karpacz.

Mzee_wa_Usa_River

Mjukuu anasema picha ni nzito, intaneti inasuasua. Subiri.

Mama_Kichwabuta

Tunasubiri wote mzee. Mkeka bado umetandikwa.